Wiki Tatu Nikipiga Ushahidi kwa Nondo

Kwa wiki tatu nzima nilikuwa napiga ushahidi wa polisi kwa kipande cha nondo, mara kumi na moja kwa siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, na shule nzima ikanishukuru. Hakuna aliyejua kuwa ni ushahidi. Mimi nilijua ni rimu ya mkokoteni wa baba mdogo, na nilijua mkokoteni huo umegongwa na treni, lakini kuyaunganisha hayo mawili niliona ni kazi ya watu wazima. Watu wazima nao walikuwa na shughuli nyingine. Walikuwa wanatengeneza.

Naandika haya mwenyewe kwa sababu yakisimuliwa na wengine mimi natokea mjinga. Kama ni lazima nitokee mjinga, bora ujinga huo niupange mimi kwa mwandiko wangu.

Kwetu si mbali na Malampaka. Ukiwa na baiskeli yenye pumzi unafika stesheni kabla jasho halijakauka. Reli inakata barabara ya vumbi ya kijiji, na pale inapokatiza hakuna geti. Kuna kibao kilichopauka kinachosema simama, na katikati ya vyuma viwili kuna mbao nene zimelazwa ili magurudumu yapite bila kuzama. Siku hizi macho ya kila mtu yako kwenye reli mpya inayojengwa. Hii ya zamani tunaivuka kama mtu anavyovuka kizingiti cha jikoni kwao.

Jumamosi moja msimu wa pamba, baba mdogo alikuwa anapeleka pamba kwenye chama cha msingi, mafurushi saba, ng'ombe wawili mbele. Alipofika katikati ya reli, gurudumu la kulia likazama. Yeye anasema ubao mmoja haukuwepo, ukabaki mwanya kati ya chuma na mbao, na rimu ikajikaba humo. Akasukuma, ikagoma. Akasikia honi ya treni ya mizigo kwa mbali. Basi akachomoa pini, akawafungua ng'ombe, akawaswaga mpaka shambani, na aliporudi kuuangalia mkokoteni, treni ikawa imefika kuuangalia kabla yake.

Hakufa mtu. Msaidizi wa dereva wa treni aliteguka bega. Mkokoteni ulivunjika ubavu na pamba ikamwagika relini, ungedhani kuna mtu amechinja mawingu.

Dereva wa treni aliandika alichokiona: mkokoteni umesimama relini, mwenyewe anashughulika na ng'ombe wala hapungi mkono. Ukiisoma hivyo, baba mdogo ni mzembe aliyepeleka gurudumu bovu kwenye reli, akaliacha hapo. Na kosa hilo, tuliambiwa, lina jina refu la kuhatarisha usalama wa treni, na mtu anaweza kufungwa. Nyumbani tuko watatu: bibi, mimi na yeye. Yeye ndiye analima, ndiye anaamka kuangalia zizi mbwa wakibweka, na ndiye pekee anayecheka vichekesho vyangu hata vile ambavyo mimi mwenyewe nimeviona havijaiva. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: gurudumu lilikuwa bovu kabla, au lilikabwa na mwanya?

Swali jepesi. Unachukua gurudumu, unaliangalia. Unachukua mwanya, unauangalia.

Ila sisi ni Wasukuma, na mtu alikuwa amepiga mwano.

Mwano ni ule ukunga wa hatari. Ukiusikia unaacha ulichoshika unakwenda, hata kama ulichoshika ni kijiko. Na sheria yake ina sehemu ya pili ambayo wageni hawaijui: ukifika, shika kitu. Atakayekutwa amesimama anatazama tu, nsumba ntale, yaani kiongozi wa vijana wa kijiji, anakumbuka sura yake, na jogoo wake anakuwa mali ya umma. Mwaka fulani jirani yetu alitozwa jogoo kwa kufika kwenye moto akiwa na mikono mfukoni. Alijitetea kuwa alikuwa anawaza. Akaambiwa awaze akiwa na ndoo.

Siku ile nilifika relini nimebeba sufuria, sijui kwa nini. Askari wa kwanza alikuja na pikipiki kutoka Malampaka. Akapima kwa hatua, akaandika, akapiga picha mbili za treni kwa simu, akamchukua baba mdogo kwenda kuandika maelezo. Kabla hajaondoka akasema wazi, "Mtu asiguse kitu hapa."

Tukakaa kama robo saa hatugusi. Robo saa ndefu. Watu zaidi ya mia moja wamesimama, mikono inawawasha, na nsumba ntale mwenyewe yuko pale anatazama nani hafanyi kazi. Mwishowe akatoa ufafanuzi.

"Afande amesema mtu asiguse. Maana yake wezi."

Ikaonekana ni maana nzuri. Treni ilipopewa ruhusa kuondoka, wanawake wakaokota pamba mpaka uzi wa mwisho, vijana wakaubeba mkokoteni, watoto wakakusanya misumari na nati kwenye sufuria yangu. Kufikia jua kuzama, pale mahali palikuwa pasafi kiasi cha kufungia ndoa.

Kesho yake mafundi wa reli nao walikuja na ubao mpya, wakauweka, wakaupigilia, wakaondoka. Huwezi kuwalaumu, watu na treni lazima wapite. Kwa hiyo mwanya ukawa haupo tena. Na upande wetu, nsumba ntale, ambaye kazi yake ya kila siku ni fundi wa mikokoteni, aliwaita vijana kwake. Wakakata mbao, wakanyoosha ekseli, wakafunga rimu nyingine nzima na tairi lake, na rangi ya buluu iliyobaki kwenye mlango wa kanisa wakaipaka ubavuni. Baba mdogo alipotoka kwa dhamana katikati ya wiki, alikuta mkokoteni mzuri kuliko ule alioondoka nao. Akapita kwa kila mtu akishukuru, "Wabeja, wabeja sana," huku anafuta macho kwa mgongo wa mkono. Ilikuwa siku nzuri. Nasema hivyo ili mtu asije akatucheka zaidi ya tunavyostahili.

Rimu ya zamani ilitupwa kando ya banda la fundi. Mimi hapo ndipo ninapoingia.

Nilikuwa kiranja wa muda, yule wa kupigia vipindi kengele, kidato cha tatu, kiranja asiye na kengele. Ile ya zamani ilikuwa imeondoka na wanunuzi wa chuma chakavu, na tangu hapo kazi yangu ilikuwa kuzunguka madarasa nikisema, "Kipindi kimekwisha," na walimu kunijibu kuwa bado. Nikaiona rimu. Nikaigonga kwa jiwe. Ikatoa sauti ya kumrudisha mtu kwenye dini.

"Shikamoo fundi. Hii nani anaitaka?"

"Marahaba. Hiyo hata mbwa ukimfungia atajisikia vibaya. Chukua."

Niliibeba kichwani mpaka shuleni. Mkuu wa shule alinisifu mstarini mbele ya wote, akasema huo ndio ubunifu, akawauliza wavulana wao wameleta nini tangu mwaka uanze. Ikaning'inizwa kwa waya kwenye mwarobaini.

Siku ya pili tu nikagundua kitu. Rimu ilikuwa na pande mbili. Upande mzima ukiupiga, sauti inafika mpaka kwa wauza nyanya. Upande uliopinda, ule wenye mfereji mrefu ukingoni, ukiupiga unatoa sauti ya mtu anayekohoa ndani ya blanketi. Nadhani kichwa cha binadamu yeyote wa umri wangu kingepata wazo hilo hilo. Mwisho wa kipindi nilipiga upande mtamu. Mwisho wa mapumziko nilipiga upande kiziwi, tena kwa adabu. Kengele imepigwa, mimi nimetimiza wajibu, kama hamkusikia hayo ni masikio yenu. Mapumziko ya shule yetu yakarefuka kwa dakika saba, nane, na hakuna mwalimu aliyejua kwa nini.

Ndipo Jumamosi moja mpelelezi wa polisi wa reli akaja nyumbani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, amevaa kiraia, na faili lake amelifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Alimsalimia bibi, "Mwangaluka mayu," vizuri kabisa, bibi akalegea hapo hapo akaagiza kigoda. Fundi naye akaitwa, na watu wengine wakaja bila kuitwa.

"Naomba kuuona mkokoteni," afande akasema.

Fundi akausukuma mbele kama mtu anayetoa bibi harusi. Afande akauzunguka mara mbili.

"Nauliza ule uliogongwa."

"Ndio huu."

"Huu haujagongwa."

"Tumeutibu, afande."

Afande akakaa kwenye kigoda. "Mliambiwa mtu asiguse kitu."

"Tuliambiwa. Lakini ulipigwa mwano."

"Mwano naujua. Mimi kwetu Nyashimo. Kwetu asiyekuja kwenye mwano hata msiba wake tunaufikiria mara mbili." Akafungua faili. "Lakini kwetu reli haipiti."

Akamgeukia baba mdogo, aliyekuwa amesimama karibu na ng'ombe kana kwamba wao ndio mawakili wake. "Kuna swali dereva wa treni ameliuliza na mimi naliuliza. Ulisikia honi. Kwa nini hukukimbia kumpungia asimame? Ukafungua ng'ombe."

Baba mdogo hakuwaza hata kidogo. "Treni ina dereva, afande. Hawa dereva wao ni mimi."

Watu wakaguna kwa kukubali. Afande akaandika, neno kwa neno, na sikuweza kujua usoni mwake kama jibu lile ni zuri au ni baya.

Sasa mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Bibi anasema nilizaliwa na alama ya kuuliza badala ya kitovu. Nikamsogelea.

"Shikamoo afande. Pale relini siku ya ajali, mwenye amri ni nani? Maana mafundi wa reli waligusa, sisi tuligusa, treni yenyewe iliondoka."

Nilitegemea nifukuzwe. Akaniangalia, akanijibu kama anamjibu mtu mzima. Akasema treni ikishaandikwa na kupimwa inaruhusiwa kuondoka kwa sababu njia si ya mtu mmoja. Mafundi wanaruhusiwa kutengeneza, lakini baada ya polisi kuchora ramani ya tukio na kupiga picha za kila kitu, na mwanya ule haukupigwa picha, hilo ni kosa la upande wao na ameliandika. Mkokoteni ni mali ya baba mdogo, ila tangu dakika ile ya kugongwa ukawa kielelezo, na kielelezo hata mwenyewe haruhusiwi kukipangusa vumbi.

"Hata vumbi?"

"Vumbi ndilo linalosema."

"Sasa kama mtu ameshagusa, mtajuaje alama ipi ya treni na ipi ya mtu?"

"Kwa kutu," akasema. "Chuma kikichubuka leo kinang'aa. Kikikaa nje, kinaanza wekundu, halafu kahawia. Mchubuko wa mwezi uliopita haufanani na wa jana. Mtu anaweza kudanganya, kutu haina ndugu." Akamgeukia fundi, "Ulipofunga rimu hii mpya, ile iliyotoka uliiweka wapi?"

Fundi akanitazama mimi. Baba mdogo akanitazama. Hata bibi, ambaye alikuwa anachambua mchele, aliacha kuchambua.

"Iko shuleni," nikasema.

"Inafanya nini shuleni?"

"Inafanya kazi."

"Kazi gani?"

"Kengele."

Afande alilifunga faili taratibu, akavuta ule mpira wa baiskeli, akacheka kwa puani. Halafu hakucheka tena. Akaeleza kuwa dereva anasema hivi, baba mdogo anasema vile, mwanya umezibwa, mkokoteni umepakwa rangi ya kanisa, na kilichobaki duniani cha kusema nani mkweli ni ile rimu. Alitaka kuichukua siku ile ile, lakini mkuu wa shule alikuwa amekwenda mkutanoni Bariadi, na kitu kilichoko shuleni lazima akikabidhi yeye na atie saini. Akampigia simu, wakapatana Jumatatu asubuhi, mlinzi aambiwe.

"Mpaka hapo mtu asiiguse," akasema akipanda pikipiki. "Na safari hii namaanisha hata watu wema. Hasa watu wema."

Jumapili baada ya ibada fundi alinikuta njiani. Akasema twende tukaiangalie tu. Mlinzi wa shule alikuwa upande wa pili anasikiliza mpira redioni, akatupungia mkono, maana ni sisi.

Tukasimama chini ya mwarobaini. Kwa mara ya kwanza niliiangalia ile rimu kama kitu kilichotoka mahali. Mfereji wa ukingoni ulikuwa umenyooka, kama umechorwa kwa rula, na chuma kimejikunja kuelekea ndani pale kilipobanwa. Ndani yake kutu ilikuwa kahawia. Na juu ya mfereji huo, zimetawanyika kama ndui, zilikuwa alama zangu. Vishimo vidogo vya nondo, vingine vyekundu, vya Ijumaa vikiwa bado vinang'aa. Hizi zilikuwa za upande kiziwi tu. Adabu yangu yote ya wiki tatu ilikuwa imeandikwa pale.

Fundi akatoa tupa mfukoni.

"Hii alama ya reli imefifia kwa kelele zako," akasema. "Tuikuze kidogo. Tunamrahisishia afande."

Sitasema kwamba nilishtuka. Niliona ni wazo la maana. Niliipokea hata tupa ile, nikaiweka kwenye mfereji, nikahisi jinsi ilivyokaa vizuri. Baba mdogo alikuwa hajala vizuri tangu Jumamosi, alikuwa anazungusha ugali sahanini kama anatafuta kitu alichodondosha. Viboko viwili vya tupa, na mfereji ungesomeka hata na kipofu.

"Itang'aa," nikasema.

"Nini?"

"Tukikwaruza, itang'aa. Afande kasema."

"Tutapaka tope."

"Tope siyo kutu."

"Sikiliza wewe mtoto," fundi akasema, na hakuwa na utani tena. "Baba yako mdogo anakwenda jela, wewe unaniletea somo la kutu. Mkokoteni nimeutengeneza kwa mikono yangu. Sasa nimeambiwa nimemharibia. Unajua nimelalaje jana?"

Sikujua. Sikuwahi kufikiri kwamba fundi analala au halali. Nikamrudishia tupa. Akaishika muda, akaipangusa kwenye suruali ingawa haikuwa chafu, akaondoka bila kuniaga. Mimi nikabaki nawaza kwamba huenda nimemfunga baba mdogo kwa sababu ya kupenda masomo ya watu.

Jumatatu hakukuwa na kengele. Afande alivaa glavu mbele ya shule nzima, na madirisha yote ya madarasa yakajaa vichwa. Akaipiga rimu picha ikiwa bado imening'inia, mbele, nyuma, pembeni, huku ameweka rula karibu yake. Akapima upana wa mfereji. Akakata waya, akaishusha, akaifunga kwenye mfuko mkubwa wa karatasi, akabandika lebo, akaandika hati ya kukamata mali, mkuu wa shule akatia saini. Kisha tukaingia ofisini kuandika maelezo yangu. Kwa kuwa mimi ni mtoto kisheria, lazima awepo mtu mzima wa kunisimamia. Bibi magoti yanamsumbua, baba mdogo ndiye mtuhumiwa. Kwa hiyo akakaa mkuu wa shule.

Naomba msomaji aitazame hali hiyo vizuri.

"Tunafuatilia kitu hiki kilipita mikono ya nani," afande akaanza. "Kilitoka kwa fundi kikaja kwako. Siku gani?"

Nikasema.

"Ulikibebaje?"

"Kichwani."

"Kilianguka?"

"Mara moja, kwenye mchanga. Kilianguka upande mzima."

"Nani wengine wamekigusa?"

"Kidato cha kwanza wamekigusa. Cha pili pia. Fundi na mimi jana tulikiangalia. Fundi alikuja na tupa, lakini hatukuitumia."

Kalamu ikasimama. Nilikuwa sijapanga kulisema hilo, lilitoka lenyewe. Afande akaniuliza taratibu ilikuwaje, nikaeleza yote, na kwamba mimi mwenyewe niliishika. Akaandika yote. Kisha akatoa picha kwenye simu yake.

"Hizi alama za mviringo juu ya mfereji. Ni za nini?"

"Za nondo."

"Kiranja wa muda anapiga kengele upande mmoja, na huo upande mzima ninauona hapa, umegongwa sana. Sasa kwa nini kuna alama upande huu uliopinda? Wakili anaweza kusema kuna mtu aliupondaponda upande huu makusudi ili ufanane na ajali."

Mkuu wa shule alikuwa anakunywa chai. Niliangalia kikombe chake. Nilikuwa na jibu tayari, jibu zuri, kwamba wakati mwingine nilipiga bila kuangalia. Lilikuwa jibu ambalo lingeniacha na cheo changu. Lakini lingeziacha zile alama bila baba wala mama, na alama isiyo na mwenyewe, wakili angempa baba mdogo.

"Upande huo nilikuwa napigia mwisho wa mapumziko," nikasema.

"Kwa nini?"

"Haulii."

Kikombe kikatua mezani.

"Fafanua," afande akasema, na naapa alikuwa anauma mdomo kwa ndani.

Nikafafanua. Upande mtamu wa kutokea, upande kiziwi wa kuingilia. Kila siku ya shule, tangu siku ya pili. Nilionyesha kwa kidole alama za Ijumaa na za wiki ya kwanza, nikaeleza kwamba nilisimama kushoto kwa mti siku zote ili mwalimu wa zamu asinione vizuri, ndiyo maana zote zimeinamia upande mmoja. Afande akachukua nondo, akaiingiza kwenye mfuko wake, nayo ikabandikwa lebo. Akasema sasa anaweza kuzitoa alama zangu zote kwenye hesabu, na kinachobaki chini yake ni cha reli peke yake.

Mkuu wa shule alisoma maelezo yangu kurasa tatu, akatia saini kila ukurasa kama msimamizi wangu. Alipomaliza akasema kwa sauti ya chini sana, "Dakika nane." Akarudia, "Nane, kila siku, na mimi nawaandikia walimu barua za kuchelewa vipindi."

Cheo kilikwenda mchana ule ule. Nilichimba visiki vitano nyuma ya bwalo, na cha tano kilikuwa cha mti uliokuwa na chuki binafsi na mimi. Walimu walioandikiwa barua walipita mmoja mmoja kuniangalia ninavyochimba, mwingine akaleta na kiti.

Jalada likaenda kwa wakili wa Serikali Bariadi. Sisi tukabaki na kungoja. Kila Jumatatu baba mdogo alikwenda kuripoti Malampaka, na kila Jumatatu alipanga kwanza mambo ya nyumbani kana kwamba harudi: anamwonyesha bibi dawa ya ng'ombe iko wapi, ananionyesha mimi mlango wa zizi unavyofungwa, mlango ambao nimeufunga tangu darasa la tatu. Nilijaribu kichekesho kimoja. Hakucheka. Nikaacha.

Jumatatu ya sita alirudi mapema, kwa miguu, baiskeli anaikokota. Bibi alikuwa uani. Akamsalimia bibi, akaomba maji, akayanywa yote. Ndipo akasema wamemsomea barua. Upana wa mfereji umelingana na chuma cha reli. Kutu imelingana na siku. Na mafundi wa reli wenyewe wameandika kwenye daftari lao la kazi kwamba kesho yake waliweka ubao mahali ambapo haukuwepo. Wakili anasema hakuna kesi ya kumshtaki.

"Kwa hiyo unalala hapa," bibi akasema.

"Nalala hapa."

Bibi akaingia ndani akachukua kuku. Fundi alipoletewa habari alikuja akasimama mlangoni, akashika shoka akaanza kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Jumamosi iliyofuata tulipakia pamba ya mwisho. Mimi nilikaa juu ya mafurushi. Tulipokaribia reli baba mdogo alisimamisha, akashuka, akatazama kulia na kushoto, akapiga ubao mmoja mmoja kwa kisigino. Zote nzima. Akarudi, akapiga mluzi wa kwenda. Ng'ombe hawakuondoka.

Akapiga tena. Wakapanda miguu yao kwenye vumbi, masikio nyuma, wanaitazama ile reli kama watu wanaojua mambo ambayo hayakuandikwa kwenye barua. Nyuma yetu kulikuwa na mikokoteni mitatu tayari.

"Ngosha, unaikodi barabara?" mmoja akaita.

"Wachape hao."

Baba mdogo hakuwachapa. Alichomoa pini, akawafungua, akashika kamba ya yule mkubwa, akaanza kumwongoza polepole, anamwongelesha Kisukuma cha chini chini ambacho hata mimi sikukisikia vizuri. Yule mdogo akafuata mwenyewe. Kwato zikagonga mbao, nane, zikatulia upande wa pili.

Ukabaki mkokoteni upande huu, na mimi juu yake.

Wenye mikokoteni ya nyuma wakatazamana, wakashuka. Wawili wakashika mlingoti wa kuvutia, mmoja akaja nyuma kusukuma. Nilikuwa nimetulia vizuri kwenye pamba nikifikiri jambo hili limetatuliwa.

"Wewe binti," yule wa nyuma akaniambia, "na wewe ni furushi?"

Nikashuka, nikaweka bega.